Maumivu ya Miguu kwa Wakimbiaji: Kuyatambua, Kuyatibu na Kurudi Barabarani

Kila Korosho Marathon inapokaribia, vikundi vya joging hapa Mtwara hujaa watu wapya. Ni jambo jema sana. Shida huanza baadaye kidogo. Mtu aliyekaa miezi kwenye kiti cha ofisi au juu ya bodaboda anaanza Jumatatu na kilomita 3, Jumamosi tayari yuko njiani kwenda Mikindani na kurudi, kilomita 20 hivi, kwa sababu wenzake wanakwenda na pumzi anayo. Wiki ya tatu anachechemea. Wiki ya nne haonekani, na ukikutana naye sokoni anakwambia kukimbia kumemshinda, ana miguu mibovu.

Miguu yake ni mizima. Kilichotokea ni kwamba moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Pumzi inatangulia, miguu inaachwa nyuma, na majeraha mengi ya wakimbiaji yanatoka kwenye pengo hilo. Ndiyo maana kulala kitandani mwezi mzima hakuponyi, na kumeza dawa ili uendelee kukimbia hakuponyi pia. Kinachoponya ni kupunguza mzigo, kuuimarisha mguu, kisha kuurudisha mzigo kidogo kidogo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke ya kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha si jeraha la hospitali

Kifundo kikiteguka, swali la kwanza ni kama mfupa umevunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitengeneza mwaka 1992 utaratibu mwepesi unaotumika hadi leo katika vyumba vya dharura vya nchi nyingi, na unaweza kuutumia ukiwa umekaa pembeni ya barabara. Jaribu kupiga hatua 4, hata kwa kuchechemea. Kisha bonyeza kwa kidole zile nundu mbili za mfupa, ya ndani na ya nje ya kifundo, ukianzia nchani na kupanda nazo kwa upande wa nyuma sentimita 6 hivi. Bonyeza pia kinundu kilicho katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani. Ukishindwa hatua 4, au mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa mojawapo ya sehemu hizo, nenda ukapigwe eksirei. Kama kinachouma ni nyama za mbele na chini ya nundu ya nje tu, na unatembea, mara nyingi ni kano zilizovutika.

Yapo mambo mengine yasiyosubiri. La kwanza ni kusikia kitu kimekatika nyuma ya kisigino, mpaka ukageuka ukidhani umepigwa teke. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi. Wayo usipocheza hata kidogo, kano kubwa imekatika, na siku za mwanzo ndizo zenye nafasi nzuri ya matibabu. La pili ni maumivu ya kinena au ndani ya nyonga yanayozidi ukikanyaga: huenda shingo ya mfupa wa paja ina ufa, na ukiendelea kukimbia inaweza kuvunjika kabisa. La tatu ni kigimbi kimoja kuvimba, kuwa na joto na kuuma bila kuumia popote, hasa baada ya kukaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam siku nzima. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usikichue. Wahi hospitali, na ukianza kubanwa kifua au kukosa pumzi usingoje kupambazuke.

Kwa huku kwetu kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa walioko Mtwara mjini, Sokoine kwa watu wa Lindi, na walioko bara wana Ndanda na Nyangao. Ukifika uliza kabisa kama mtaalamu wa fiziotherapia yupo, maana wengi huondoka na dawa tu kwa sababu hawakuuliza.

Mguu unaovimba polepole kwa miezi bila maumivu ya kukimbia usiuite jeraha. Pwani yetu ina historia ndefu ya matende. Nenda ukapimwe.

Hatua ya 2: Siku 3 za mwanzo

Hapa ndipo ninapogombana na watu ninaowapenda. Kijana ameteguka asubuhi, kufika nyumbani mama ameshachemsha maji, bibi anashika mafuta ya nazi, na mguu unachuliwa kwa nguvu mpaka kijana analia. Nia ni njema kabisa. Lakini jeraha bichi linavuja damu ndani kwa ndani, na joto pamoja na kuminywa vinaongeza kuvuja. Maji ya moto na kuchua vyaweza kungoja mpaka uvimbe utulie, baada ya siku 3 au 4, na hata hapo viwe vya upole.

Siku hizo za mwanzo fanya haya. Funga bandeji ya kuvutika ukianzia karibu na vidole na kupanda juu ya kifundo, ibane lakini vidole visife ganzi wala kubadilika rangi. Ukikaa, weka mguu juu ya mto uwe juu kuliko kiuno. Barafu inatuliza maumivu: chukua barafu ya mfuko ya dukani, iviringe kwenye kanga, weka dakika 10 hadi 15, toa, rudia baada ya saa kadhaa. Usiiweke juu ya ngozi tupu. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza tangu 1978 kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua, baadaye mwenyewe alisema barafu na mapumziko ya muda mrefu vinaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo itumie kwa ajili ya maumivu, siku moja au mbili, kisha achana nayo.

Na uanze kuuchezesha mguu mapema. Siku ya pili, ukiwa umekaa, andika alifabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu. Tembea kwa kadiri unavyoweza bila kuchechemea sana.

Kuhusu dawa: parasetamoli inatosha kwa wengi. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu, lakini zikimezwa mfululizo zinachubua tumbo na kuumiza figo, na hatari huongezeka kwa mtu aliyepungukiwa maji kwa jasho la Mtwara. Usimeze dawa ya maumivu ili ukakimbie. Maumivu ndiyo kipimo chako pekee barabarani, ukiyazima huna tena cha kukuonya.

Kuna dawa nyingine ambayo wakimbiaji wachache wanaambiwa. Siprofloksasini, ile watu wanayoiita sipro na kuinunua dukani kwa ajili ya taifodi au mkojo, yeye na ndugu zake wa kundi moja wanaweza kudhoofisha kano mpaka ikakatika. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizi mwaka 2008. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Kama umeandikiwa na daktari, meza, ila simamisha mbio, mwambie daktari kuwa wewe ni mkimbiaji, na kano ya kisigino ikianza kuuma rudi kwake siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Tambua jeraha kwa mahali panapouma

*Muundi.* Hili ndilo linalowapata wageni wengi, na ndilo ninaloliogopa zaidi kwa sababu ya ndugu yake anayejificha nyuma. Vijana wawili wa kikundi walinijia asubuhi moja pale Shangani, wote wakilalamikia muundi. Nikamwambia wa kwanza, "Nionyeshe panapouma." Akapitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka katikati ya mguu mpaka karibu na kifundo. "Huku kote, kocha. Nikianza kukimbia inauma, nikipata joto inapungua." Wa pili nikamuuliza hivyo hivyo. Hakupitisha kiganja. Aliinama, akaweka ncha ya kidole kimoja mahali pamoja, akashtuka mwenyewe. "Hapa tu. Hata usiku nikilala inauma."

Tofauti ni hiyo. Anayeonyesha kwa kiganja, eneo la sentimita 5 au zaidi, mara nyingi ana uchovu wa utando wa mfupa na misuli inayoushika. Anayeonyesha kwa kidole kimoja, na anaumia hata akiwa amepumzika, achukuliwe kuwa ana ufa wa mfupa mpaka ithibitike vinginevyo. Usimwambie arukeruke ili kupima. Mpeleke hospitali, na mjue wote wawili kwamba eksirei ya wiki 2 au 3 za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa huku ufa upo. Picha safi si ruhusa ya kukimbia kama kidole bado kinapata mahali pale pale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye mfupa msemo huu una maana yake halisi.

Ufa wa muundi kwa kawaida unahitaji wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Ukiwa mbele kabisa ya mfupa, au kwenye ule mfupa wa juu ya upinde wa wayo, ni mkaidi na unahitaji muda mrefu zaidi chini ya daktari. Mwanamke anayekimbia sana na hedhi yake imepotea au imekuwa ya kubahatisha, aseme hospitalini bila aibu. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula anachokula hakitoshelezi mazoezi, na mifupa ndiyo inayolipa. Hapa kwetu chakula cha kujenga mfupa hakiko mbali: dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, mbaazi, korosho. Kwa anayefunga Ramadhani, punguza kilomita mwezi huo, kimbia mara chache karibu na futari au baada yake, na kula daku kwa kushiba.

Kwa yule wa kiganja, punguza mbio kwa nusu au simama wiki 1 au 2 mpaka utembee bila maumivu, huku ukifanya mazoezi ya kigimbi nitakayoyaeleza hapa chini.

*Kano ya nyuma ya kisigino.* Asubuhi inakuwa ngumu kama imekauka, ukitembea inalegea, jioni inarudi. Ukiiminya kwa vidole viwili unasikia sehemu nene inayouma. Kano hii haipendi kupumzishwa kabisa, na haipendi kushtukizwa. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Uswidi aliwapa wakimbiaji 15 waliokuwa wameumwa muda mrefu zoezi moja tu la kushusha kisigino, na baada ya wiki 12 wote walirudi kwenye mbio zao. Huhitaji chumba cha mazoezi, ngazi ya baraza inatosha.

Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikiwa nje, mkono umeshika nguzo. Panda juu kwa miguu yote miwili. Ukiwa juu, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, ule mzima uuinue. Sasa shuka polepole, kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi mpaka usikie kigimbi kinavutika. Weka mguu mzima chini, panda tena kwa miwili. Mara 15, mizunguko 3, goti likiwa limenyooka. Kisha mara 15 tena, mizunguko 3, goti likiwa limekunjwa kidogo, ili ufikie msuli wa ndani wa kigimbi. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Litauma kidogo mwanzoni, na hilo halidhuru. Likishakuwa jepesi, vaa begi la mgongoni lenye mchanga.

Kama maumivu yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishuke chini ya usawa wa ngazi. Fanya ukiwa sakafuni. Kushuka kunaibana kano kwenye mfupa na kunazidisha. Na mtu akikuahidi sindano ya steroidi ndani ya kano hiyo, kataa kwa heshima na utafute maoni ya pili, kwa sababu imewahi kuhusishwa na kano kukatika.

*Chini ya kisigino.* Hatua ya kwanza ya kushuka kitandani inachoma kama msumari, baada ya dakika chache inapoa. Ni utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Watu wa ndala na wa kusimama kutwa wanaupata hata bila kukimbia. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa mkono, sekunde 10, mara 10. Kisha siku moja ndiyo moja siyo, simama kwenye ngazi ile ile na kanga iliyoviringwa chini ya vidole ili viinuke. Panda kwa mguu mmoja kwa kuhesabu 3, tulia 2, shuka 3. Mara 12, mizunguko 3, ukiongeza uzito kadiri wiki zinavyokwenda. Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa 2015 ulionyesha waliofanya hivi walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 3 kuliko walionyoosha tu. Ndani ya nyumba vaa kandambili zenye soli nene, usitembee peku kwenye sakafu ya saruji mpaka utulie. Uwe na subira, jeraha hili hupona kwa miezi.

*Goti, karibu na pia.* Linauma ukishuka mteremko, ukishuka ngazi au ukikaa kwa muda mrefu. Wakimbiaji wa Newala na wale wanaopanda milima inayouzunguka mji wa Lindi wanalijua vizuri, kwa sababu mteremko unabebesha goti kuliko kupanda. Kwa wiki kadhaa kimbia tambarare. Imarisha paja na nyonga: kuchuchumaa nusu ukiwa umeegemea ukuta, kulala chali na kuinua kiuno, kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Ukikimbia, fupisha hatua na uziongeze idadi kwa asilimia 5 hadi 10. Hesabu hatua zako za dakika moja, kama ni 160 lenga 170. Ni badiliko dogo, lakini goti hulisikia mara moja.

*Kifundo kilichoteguka.* Uvimbe ukishaisha watu hurudi mbio, na wiki chache baadaye wanateguka mguu ule ule. Kano zimepona lakini mguu umesahau kujisawazisha. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki. Ukiweza dakika nzima, fumba macho. Ukiweza na hilo, simama kwenye mchanga. Endelea miezi 2 hata kama hauumi tena.

Malengelenge usiyachune ngozi, toboa pembeni kwa sindano safi iliyochomwa moto kama yanabana, osha, funika. Mwenye kisukari asitoboe kabisa, aende kituo cha afya.

Hatua ya 4: Kagua njia na viatu kabla ya kurudi

Raba nyingi tunazovaa ni za mtumba, na si vibaya, ila jifunze kuchagua. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikilala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza aliimaliza. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, isiponesa imekufa. Ikunje: inatakiwa ikunjike penye vidole, ikikunjika katikati iache. Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800, kwa hiyo iliyokwisha kutumika hesabu pungufu. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kucha nyeusi hutokana na viatu vinavyobana.

Ufukwe wa Shangani ni mzuri, lakini una mwinamo. Ukikimbia upande mmoja tu, mguu wa chini unakanyaga chini zaidi kila hatua, na nyonga, goti na kifundo vinalipa. Nenda maji yakiwa yamekupwa, ukanyage mchanga mgumu, na umbali uleule wa kwenda uwe wa kurudi. Mchanga laini ni kazi kubwa kwa kano ya kisigino, uache mpaka umepona kabisa. Lami nayo imeinama pembezoni, hivyo tafuta kipande kilicho sawa zaidi ukiwa bado unayaona magari yanayokuja. Wa Nangwanda Sijaona na Ilulu, msizunguke uwanja upande mmoja kila siku.

Hatua ya 5: Kurudi kukimbia

Usianze kwa tarehe, anza kwa uwezo. Utembee haraka dakika 30 bila maumivu. Uweze kupanda kwa ncha ya mguu mmoja mara 20, ule ulioumia ukaribie ule mzima. Uruke kwa mguu mmoja mara 10 bila kuumia. Aliyekuwa na ufa wa mfupa asubiri kwanza ruhusa ya daktari.

Hapo kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Kesho yake pumzika. Ukifanya mara mbili bila tatizo, nenda dakika 2 kwa 2, kisha 3 kwa 1, kisha 4 kwa 1, kisha dakika 20 mfululizo. Ongeza umbali kwanza, kasi baadaye, milima mwisho kabisa.

Kila siku yape maumivu namba kati ya 0 na 10. Hadi 2, endelea. Yakiwa 3 au 4, rudia hatua ile ile bila kuongeza. Yakifika 5, au ukianza kuchechemea, simama na utembee kurudi. Kipimo cha pili ni asubuhi inayofuata: mguu ukiamka mbaya kuliko jana, jana ulizidisha. Rudi hatua moja nyuma, usirudi mwanzo, na usiache mazoezi ya ngazi.

Mashindano yakifika na wewe bado uko kwenye dakika 4 kwa 1, zungumza na waandaaji mapema wakuhamishie mbio fupi. Ukaikimbie kwa dakika 4 kukimbia na 1 kutembea, saa mkononi, hata wenzako wakikupita.